Baina ya Fungate na Eda

Mwalimu wa Kiswahili hana budi siku moja kuyapanga maneno ya ndoa mbele ya wanafunzi wake kama mchuuzi apangavyo bidhaa juu ya jamvi. Mimi huanza na posa na mahari, nikaendelea na kungwi, ndoa, arusi na fungate. Kisha huvuka hadi ng'ambo ya pili nikataja talaka, eda, ujane na mirathi. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja kutoka Newala aliniuliza katikati pana nini. Fungate ni siku saba, akasema; eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi; je, miaka arobaini iliyo baina ya hizo mbili yaitwaje? Nilimjibu kwamba yaitwa unyumba. Jibu lilikuwa sahihi, walakini darasa zima tuliona kwamba neno moja limetwikwa miaka arobaini, hali maneno mengine kumi yamegawana siku za mwanzo na siku za mwisho.

Senema za kwetu zimerithi upungufu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilipokuja kutengeneza picha za Kiswahili katika Tanganyika, watu walimwona Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, akiigiza katika Muhogo Mchungu, na picha hizo zilikuwa za vijana na mji. Tangu mwaka 2003, Girlfriend ilipofungua soko la picha za video, kazi nyingi mno zimetoka Dar es Salaam, na karibu kila moja ina mke na mume ndani yake. Lakini mke na mume hao aghalabu hukutana, huoneana wivu, hulogwa au hutiliwa sumu, na mwisho huoana au huachana. Sizibezi picha hizo. Nimezitazama nyingi na baadhi zimenitoa machozi. Ninachosema ni kwamba kamera huingia nyumbani pamoja na bibi arusi, ikatoka pamoja na viti vya kukodi. Ziko chache zinazokwenda mbali zaidi, kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, kazi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ambayo licha ya jina lake yahusu maradhi ya mke na mahangaiko ya kumtafutia dawa. Lakini hiyo ina dakika 36 tu, na maradhi si unyumba wote.

Kwa sababu hiyo, nilipotaka kuona miaka ya katikati nilikwenda kuitafuta mbali sana, katika Japani. Picha ninayoikusudia ni Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, iliyotengenezwa na Ozu Yasujiro katika mwaka 1953. Haina rangi, ina zaidi ya saa mbili, na mtu aliyezoea mapigano ataona kwamba hakuna jambo linalotokea. Mzee Shukichi na mkewe Tomi wanakaa Onomichi, mji wa bandari wenye vilima nyuma na mashua mbele, na binti yao wa mwisho, mwalimu wa shule. Wanafunga safari ya garimoshi kwenda Tokyo kuwatazama watoto wao wakubwa: Koichi, daktari wa mtaani, na Shige, mwenye duka la kutengeneza nywele za wanawake. Watoto wana shughuli. Wazee wanapelekwa Atami, penye maji ya moto, ili nyumba ipate nafasi. Huko hawalali kwa kelele za vijana. Wanarudi kabla ya siku zao. Usiku mmoja hawana hata pa kulala pamoja. Wanaamua kurejea kwao. Njiani Tomi anaugua, na muda mfupi baada ya kufika nyumbani anafariki. Hayo ndiyo yote.

Waandishi wengi wameisifu kuwa ni picha ya wazazi na watoto. Hawakukosea, hata asili yake ni hiyo, kwa kuwa Noda Kogo, aliyeandika mchezo pamoja na Ozu, alikuwa na kumbukumbu ya picha ya Marekani ya mwaka 1937, Make Way for Tomorrow, ambamo mke na mume wa miaka mingi wanatenganishwa na watoto wao baada ya kupoteza nyumba. Mimi, hata hivyo, naiona kwanza kuwa ni picha ya ndoa, na ushahidi wangu ni mto mmoja wa kulalia.

Katika onyesho la mwanzo kabisa wazee wanafunga mizigo. Mke anauliza habari za mto ule unaojazwa upepo, wa kuegemea safarini. Mume anasema amekwisha kumpa yeye. Mke anasema hanao. Mume anasema alimpa. Mume anaupekua mzigo wake huku akishikilia kwamba uko kwa mke, kisha anauona umo, anasema umo, na mke anapokea habari hiyo bila ya ushindi wala lawama. Haizidi dakika moja au mbili. Mtazamaji kijana hudhani ni maneno ya kupitisha wakati. Lakini ndani yake mna yote: kwamba mume anaamini vitu vyote vya nyumba viko kwa mke, kwamba mke anajua mume atakiona kitu akiachwa atafute, kwamba ugomvi huu umetokea mara elfu na haumtishi mtu. Hayo huwezi kuyasema kwa maneno ya mapenzi, kwa maana maneno ya mapenzi ni ya watu ambao bado hawana hakika.

Huzuni za ndoa hiyo nazo zimewekwa vivyo hivyo, pembeni. Mwana wao wa pili alikufa vitani, na mjane wake, Noriko, ndiye anayewatunza wazee kuliko watoto wa damu. Na usiku mmoja, Shukichi anapoletwa na polisi nyumbani kwa Shige akiwa amelewa, binti huyo analalamika kwamba baba yake zamani ndivyo alivyokuwa, akirudi amelewa na kumsumbua mama, mpaka mtoto wa mwisho alipozaliwa akaacha. Basi. Picha hairudi nyuma kutuonyesha miaka hiyo, wala Tomi haitaji. Ni sentensi mbili tatu za mtu mwenye usingizi na hasira, nasi tunajua kwamba mwanamke huyu mpole alikuwa na miaka ya kungojea mlangoni.

Wako wamlaumuo sana Shige, kwa kuwa mara baada ya mazishi anaziomba nguo za mama yake. Mimi simlaumu hivyo. Ndiye aliyekumbuka miaka ya ulevi, na mama alipokata tamaa ya kupona ndiye aliyeangua kilio. Mtoto anaweza kupenda na kuwa na haraka kwa wakati mmoja.

Ozu mwenyewe hakuoa kamwe. Aliishi na mama yake hadi mama alipofariki katika mwaka 1962, naye akafa mwaka uliofuata, siku ile ile aliyotimiza miaka 60. Watu hustaajabu kwamba mseja aliweza kuijua ndoa kiasi hicho. Sioni ajabu. Mke na mume huiishi ndoa, lakini mtoto ndiye huisikiliza, usiku, kutoka chumba cha pili.

Hapo ndipo nilipokuwa na sababu yangu. Mama yangu alifariki katika mwaka 2022, nyumbani kwetu Ufukoni, hapa Mtwara, baada ya miaka 51 ya ndoa. Alikuwa mtoto wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevushwa na wazazi wake wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na baba alikuwa mvuvi. Kila mwaka baba alikwenda dago, mara Kilwa, mara Mafia, miezi miwili au mitatu, na mama alibaki na sisi na mikorosho michache ya babu. Ulikuwako mwaka mmoja ambao dago halikwisha kwa wakati wake. Kwetu uliitwa mwaka wa Kilwa, na jina hilo lilitosha. Sikuwahi kumsikia mama akiongeza neno juu yake, wala baba. Mwaka wa Kilwa ni sawasawa na zile sentensi mbili tatu za Shige. Nilipoisikia kauli ile kwa mara ya kwanza niliisimamisha picha, nikatoka nje kidogo.

Basi katika mwaka 2023, siku ya Ijumaa baada ya sala ya isha, niliionyesha picha hiyo uani kwetu. Niliazima projekta, nikatundika shuka jeupe, tukatandika majamvi, wanaume upande wa mlango wa mbele na wanawake upande wa jikoni. Walikuja wazee wa baraza la baba, shangazi yangu na majirani zake, na vijana wachache ambao wengi waliondoka kabla ya Atami. Maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha hayakuwafaa, kwa hiyo nilifanya kama wafanyavyo wale wafasiri wa mabanda ya video, ambao mashuhuri wao alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam: nilikaa kando ya shuka nikaifasiri kwa mdomo, nikiwasemea wote, mume, mke, binti na polisi. Ni kazi ngumu kuliko kutoa mhadhara. Katika senema ya vita mfasiri hujaza nafasi kwa matani. Katika hii nafasi haitaki kujazwa, na mara kadhaa shangazi aliniambia ninyamaze.

Jambo la kwanza lililowapendeza nisingalifikiri. Ozu huiweka kamera chini sana, kwenye kimo cha mtu aliyekaa sakafuni kwenye mkeka wa Kijapani. Wataalamu wameandika kurasa nyingi juu ya kimo hicho. Wazee wa Ufukoni waliokaa jamvini hawakuhitaji kurasa; mmoja alisema tu kwamba picha nyingine humfanya ajione amelala, na hii imekaa nao. Wazee wawili walipokuwa wakiutazama mji wa Tokyo kutoka mahali palipoinuka, na Tomi akasema kwamba ni mkubwa hata wakipoteana huenda wasionane tena, wanawake walicheka kwa pamoja, kwa maana kila aliyewahi kushuka Kariakoo ameyasema hayo.

Kisha Tomi akafa, na kicheko kikaisha. Asubuhi ya kifo mume anatoka nje peke yake, mkwe anamfuata, naye anasema kwamba mapambazuko yalikuwa mazuri, na kwamba leo litakuwa joto. Nilifasiri hivyo hivyo. Hakuna aliyesema kitu. Nilimwogopa baba, sikumtazama.

Mjadala ulianza picha ilipokwisha. Shukichi anaachwa peke yake nyumbani na binti anayeshinda shuleni, na kabla ya hapo amemsihi Noriko aolewe, amsahau mwanawe aliyekufa, akampa na saa ya marehemu. Wanawake waliisifu sana nasaha hiyo. Walisema huyo ndiye mkwe. Lakini fundi cherehani, rafiki wa baba wa siku nyingi, akauliza: "Mbona anamwoza mkwewe, na yeye mwenyewe haozwi? Mtu mzima, ana nyumba, bahari iko mlangoni. Hakuna ndugu wa kumtafutia mke?"

Kila mtu aliyekuwapo alijua kwamba swali hilo halikwenda Japani. Tangu arobaini ya mama watu walikuwa wakimjia baba na shauri la kuoa, tena si kwa ubaya. Kwetu mwanamume aliyefiwa hakai eda. Sheria haikumwekea siku, na mila imemwekea haraka. Kiswahili kina neno lake, mgane, lakini nenda Ufukoni, nenda Mikindani, uliza mgane ni nani, uone wangapi watakujibu. Mwanamke aliyefiwa ana jina, ana muda na ana chumba. Mwanamume ana watu wanaomwuliza ataoa lini. Nadhani ndiyo sababu wazee walisumbuliwa sana na Shukichi: ni mtu aliyekaa katika ugane wake kana kwamba ni mahali pa kukaa.

Mzee mwingine, aliyekuwa nahodha wa jahazi, akamjibu fundi: "Aoe, ampate wa kumpikia, sawa. Je, huyo mke mpya atamkumbusha jina la mtoto aliyemzika mwaka sabini na tisa?" Fundi akasema kwamba mtu haoi kwa ajili ya kukumbushwa. Wakaendelea hivyo, sauti zikipanda, mpaka baba aliposema neno lake la kwanza usiku ule, nalo halikuhusu kuoa.

"Ule mto wa upepo," alisema. "Alipouona mzigoni kwake, alimwambia mkewe kwamba kauona."

Nikasema ndiyo, alimwambia.

"Mimi nisingemwambia."

Palikuwa na kimya, kisha shangazi akasema kutoka upande wa jikoni: "Na wifi angejua."

Baba akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti, na nilimwona fundi akiinama kutafuta viatu vyake. Shauri la kuoa halikutajwa tena usiku ule, na kwa kadiri nijuavyo fundi hakulirudia.

Shauri jingine lakini halijaisha. Dada zangu wawili wanakaa Mbagala, na tangu msiba wanataka baba ahamie kwao, kiasi cha kilomita 560 kutoka Ufukoni. Hoja zao ni za kweli: shinikizo la damu, hospitali kubwa, wajukuu. Niliwapelekea picha hiyo, si ili iniunge mkono, maana haimuungi mkono mtu. Dada mkubwa aliniambia kwa simu kwamba anamwelewa Shige kabisa, na kwamba mwenye kutengeneza picha ile angewahi kulipa kodi ya chumba cha pili asingaliwaonyesha watoto hivyo. Dada mdogo alisema kosa la wazee ni kwenda wote wawili kwa mara moja. Nilicheka, walakini nilifikiri maneno yake. Wazee hawa wakiwa wawili ni mzigo mwepesi zaidi na mzito zaidi: hawamhitaji mtu, na hawaingii katika chumba kimoja cha mtu. Akibaki mmoja, anaingia. Na hapo ndipo swali lake linapoanza. Baba mwenyewe amesema atakwenda kuwasalimu baada ya msimu wa korosho. Msimu wa korosho huanza Oktoba, na kwa baba huisha atakapo yeye.

Wenzangu wa chuoni waliniuliza kwa nini sikuchagua Amour, ya mwaka 2012, iliyotengenezwa na Michael Haneke, ambayo ni ya karibu zaidi na zama zetu na ilipata tuzo kuu ya Cannes. Ni kazi kubwa. Emmanuelle Riva, aliyekuwa na umri wa miaka 80 na zaidi, anaigiza kupooza kwa namna isiyosahaulika. Lakini mke na mume wa Paris wamejifungia, mume anamuuguza mkewe peke yake mpaka akili inamwelemea na anamfanyia jambo ambalo sitalieleza. Ufukoni mlango haufungwi hivyo. Kwa heri au kwa shari, jirani angeingia na sahani ya uji siku ya kwanza. Ukweli wa picha hiyo naukubali, ila ni ukweli wa ukuta, na wazee wetu wangetumia usiku mzima wakiuliza majirani wako wapi.

Shukichi naye ana jirani. Mwishoni mwanamke wa nyumba ya pili anapita dirishani, kama alivyopita mwanzoni wazee walipokuwa wakifunga mizigo, na anampa pole. Mzee anamjibu, akijipepea, kwamba lau angalijua mambo yatakuwa hivi angalimtendea mkewe wema zaidi alipokuwa hai. Ryu Chishu, aliyeigiza mzee huyo, alikuwa na miaka 49 tu, karibu umri wangu, na mgongo ule wa mzee ni kazi yake mwenyewe. Kisha anaongeza kwamba, akiwa peke yake, siku zitakuwa ndefu.

Nami nilifasiri: siku zitakuwa ndefu. Fundi cherehani, ambaye alizika mke wake wa kwanza kabla mimi sijaanza shule, aliningoja uani baada ya wengine kuondoka, viatu mkononi.

"Pale mwisho umekosea, mwalimu," akasema. "Siku si ndefu. Siku ina jua, ina watu. Sema magharibi."

Nimelibadili. Katika fasiri ninayowaandalia wanafunzi wa mwaka wa pili, mzee wa Onomichi anamwambia jirani yake kwamba magharibi zitakuwa ndefu, na msomaji ajuaye Kijapani akinishtaki kwamba nimeongeza, nitampeleka Ufukoni kwa fundi.